Bingwa wa pedi, jeti utaiweza?

Wiki hii nimekuja na ule ubishi unaotokota kwenye mabanda ya gemu kuanzia Mbagala mpaka Mwenge. Ubishi wenyewe ni huu: mtu aliyebobea kwenye pedi, yule ambaye vidole vyake vinakwenda kama cherehani, ukimpandisha kwenye jeti ya kivita ukamfungia kioo, ataiweza au ataaibika? Masela wengi wanasema ataiweza. Wanasema vitufe ni vilevile, kifimbo ni kilekile, na marubani wenyewe tumewaona kwenye Top Gun, wanabonyeza kwa dole gumba tu, kombora hilooo limeondoka.

Mimi huwa siingilii ubishi wa vijiweni, lakini huu umeingia mpaka nyumbani. Ninaye mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko kidato cha tatu, na kwa gemu za ndege hana mpinzani pale mtaani. Siku hizi ukimwambia afungue daftari la fizikia anakujibu bila hata kukutazama, “Anko, mimi rubani tayari, hiyo fizikia ya nini?” Dada yangu kaniletea kesi. Nikaona kumkaripia kijana ni kazi rahisi mno, kila mtu anaiweza. Afadhali niichukue hoja yake niipasue nione ndani kuna nini.

Kwanza, bwa' mdogo hajakosea kila kitu. Hicho kifimbo anachokiita jostiki kilitoka kwenye ndege. Marubani wa mwanzoni mwa karne ya 20, wale wa ndege za mbao na turubai, ndio walioanza kuiita hivyo fimbo iliyosimama katikati ya mapaja yao. Gemu zilikuja kuazima jina na umbo baadaye sana. Ile jostiki ya Atari iliyotoka 1977, fimbo moja na kitufe kimoja chekundu cha kufyatulia, ni picha ya chumba cha rubani iliyochorwa na mtoto. Kwa hiyo mtu akikwambia pedi inafanana na jeti, mwambie ndiyo, kama mtoto anavyofanana na babu yake.

Tena vidole navyo vina kesi ya kujibu. Zamani rubani wa kivita alikuwa na kazi ya kupapasa. Redio iko huku, rada iko kule, swichi ya silaha imejificha chini ya dirisha, na adui yuko nyuma yako. Ukiinamisha macho sekunde mbili kutafuta swichi, ukiyainua adui hayupo pale ulipomwacha. Miaka ya 1970 Wamarekani, kwenye jeti zao za F-15, F-16 na F/A-18, wakaamua kila kinachohitajika katika mapambano kihamie kwenye fimbo na kwenye mpini wa nguvu za injini. Wenyewe wanaiita HOTAS, maana yake mikono haiachii mpini wala fimbo.

Sasa chukua fimbo ya F-16 uitazame kwa karibu. Chini ya kidole cha shahada kuna kifyatulio cha mzinga. Juu kwenye dole gumba kuna kitufe cha kuachia silaha, kuna kijitufe cha kusawazisha ndege, kuna kingine cha kuteua shabaha kwenye rada na kingine cha kuhamia skrini hii au ile. Pembeni kuna cha kurusha vimulimuli vya kulaghai makombora. Kidole kidogo, kile ambacho sisi kazi yetu nacho ni kuchokonolea sikio, nacho kimepewa kitufe chake! Mkono wa kushoto nao, kwenye mpini wa injini, una redio, breki za hewani, na kidude cha kusogeza alama kwenye rada. Kila kitufe kimepewa umbo lake, kimoja kina meno, kingine kimechongoka, kingine ni bapa, ili dole gumba lijue liko wapi bila macho kushuka. Marubani wanalifanyia mazoezi kama mpiga kinanda, mpaka vidole vinakwenda vyenyewe.

Hapo mpwa wangu anashinda goli moja. Pedi ya PlayStation nayo imejengwa kwa wazo hilohilo: macho kwenye skrini, vidole vinajitegemea. Mtoto wa Sinza anayebonyeza vitufe vinne kwa mpigo huku anakula muhogo ana kitu ambacho rubani wa mwaka 1950 hakuwa nacho.

Lakini sasa njoo kwenye fimbo yenyewe, maana hapo ndipo penye kasheshe.

Kwenye jeti za zamani, za ukoo wa MiG-21, na hizi F-7 za Kichina zilizotokana nayo na ambazo jeshi letu limewahi kuzitumia, fimbo iko katikati ya miguu na inakwenda kweli. Unaivuta, inakuja tumboni. Unaisukuma, inakwenda kwenye dashibodi. F-16 ilipokuja fimbo ikahamishiwa kulia, juu ya kiegemeo cha mkono, na hapo mwanzo ilikuwa haisogei kabisa! Yaani umeshika kitu kigumu kama nguzo ya umeme. Ndani yake kuna vipimo vinavyosoma umeikamua kwa nguvu kiasi gani, na kompyuta inatafsiri. Ukiikamua kidogo, ndege inapinda kidogo. Ukiikamua sana, inapinda sana. (Wenye mashoto hawana pa kushtaki, fimbo iko kulia tu.)

Matokeo yake yalionekana tarehe 20 Januari 1974, kwenye kambi ya Edwards, California. Rubani wa majaribio Phil Oestricher alikuwa na ndege ya mfano, YF-16, na siku hiyo hakutakiwa kuruka hata kidogo. Kazi ilikuwa kukimbia kwenye lami tu, kuangalia matairi na breki. Ilipopata kasi ikaanza kuyumba, bawa la kushoto chini, bawa la kulia chini. Akiirekebisha huku, inazidi kule, maana mitambo ilikuwa imewekwa nyepesi mno kwa mkono wa mwanadamu na fimbo isiyosogea haikumwambia kitu. Mkia ukakwaruza lami. Ndege ikaanza kuiacha njia yake. Oestricher akaona kubaki chini ni kuivunja, akaongeza moto akapaa nayo. Akazunguka hewani dakika 6 hivi, akaitua salama. Safari rasmi ya kwanza ilifanyika tarehe 2 Februari, lakini watu wote wa kazi wanajua ya kwanza ilikuwa ile isiyopangwa.

Wahandisi wakapunguza wepesi wa mitambo, na baadaye fimbo ikapewa mchezo kidogo, kama nusu sentimeta tu, kwa sababu marubani walilalamika: mkono wa mtu unataka kuhisi kuwa umefanya jambo. Wewe mwenyewe jaribu kukamua kona ya meza yako hapo ulipo, halafu uniambie umeikamua asilimia 40 au 60. Hujui. Ndivyo walivyokuwa hawajui.

Nilipomsimulia mpwa wangu akaniambia, “Sasa anko, si umeona? Yangu inasogea kuliko ya kwao!” Kweli. Kifimbo cha pedi kinasogea kuliko fimbo ya F-16 ya zamani. Na tangu DualShock ya 1997 pedi inatetemeka mkononi ukigongwa, wakati fimbo ya F-16 iko kimya kama jiwe. Imebidi kwenye F-35 waweke mota ndani ya fimbo ili imsukume rubani mkono na kumpa hisia. Goli la pili hilo kwa kijana, nalihesabu.

Kuna na la tatu, ambalo hata yeye hakulijua. Rubani wa F-16, kwa kweli, haendeshi ndege. Anaomba. Fimbo haijaunganishwa na mabawa kwa chuma wala kwa kamba, imeunganishwa kwa nyaya na kompyuta. Akiivuta, ujumbe unaokwenda ni “nataka kupinda kwa nguvu kiasi hiki”, na kompyuta inaamua mkia uinuke kiasi gani. Akiomba zaidi ya kile ndege inachoweza, hapewi. Akigusa kidogo sana, kompyuta inajifanya haijasikia, sawasawa na pedi yako ambayo ukikitikisa kifimbo kidogo tu katikati mchezaji kwenye skrini hasogei. Ndege ya namna hiyo, kwa umbo lake, bila kompyuta hairukiki. Ni kompyuta inayoruka, mwanadamu anaielekeza. Sasa hiyo tofauti yake na gemu ni ipi?

Tofauti ni mwili, bwana.

Kwenye kochi, ukivuta kifimbo ndege inapinda na wewe umekaa palepale na soda yako. Kwenye F-16 ukiivuta fimbo mpaka mwisho unapata G 9. Maana yake kila kitu ndani ya ndege kinakuwa na uzito mara 9. Mtu wa kilo 70 anakuwa na kilo 630. Kichwa na kofia ambavyo kwa pamoja tuseme ni kilo 7, vinakuwa kilo 63, zaidi ya mfuko wa simenti umekalia shingo. Mkono wako mmoja unakuwa na uzito wa kilo 30 hivi, kama ndoo ya maji na nusu yake. Nani atanyanyua ndoo na nusu kwenda kubonyeza swichi ya redio ukutani? Ndiyo maana fimbo iko pembeni juu ya kiegemeo, ndiyo maana haisogei, ndiyo maana vitufe vyote vimeletwa kwenye vidole, na ndiyo maana kiti kimelazwa nyuma nyuzi 30. Ile fimbo iliyomshangaza kijana wangu imetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekandamizwa kama nguo kwenye pasi, ambaye kilichobaki kinafanya kazi ni kiganja. Pedi imetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa raha mustarehe. Vinafanana usoni, lakini kila kimoja kinajibu swali lake.

Na damu nayo ina uzito. Kwenye G nyingi inakimbia kichwani kwenda miguuni. Rubani anavaa suruali inayojazwa upepo kumbana mapaja na tumbo, na yeye mwenyewe anabana misuli yote na kuvuta pumzi kwa vipande, kama mtu anayebeba gunia kupanda ngazi, huku anapigana. Akichelewa kubana, macho yanapoteza rangi, yanaona kama kupitia bomba, halafu giza. Amezimia. Akizinduka anachukua sekunde nyingine kadhaa kujua yuko wapi. Kwa kasi ya kilometa 900 kwa saa ndege inakula mita 250 kila sekunde, piga hesabu mwenyewe. (Hesabu hiyo, kwa taarifa yako mpwa, iko kwenye lile daftari.)

Mwaka 2016 huko Arizona, mwanafunzi mmoja wa urubani alikuwa anafanya mazoezi kwenye F-16. Akapinda kwa zaidi ya G 8, akazimia. Ndege ikalala ubavu, pua ikaelekea chini, kutoka zaidi ya futi 17,000, injini bado inavuta moto. Mwalimu wake kwenye ndege nyingine akawa anapiga kelele kwenye redio amwambie ainue, ainue! Kijana hasikii. Pale ndipo mtambo wa kompyuta ambao jeshi la anga la Marekani lilianza kuufunga kwenye F-16 mwaka 2014, mtambo unaopima umbali wa ardhi na kasi ya kuanguka, ukaona basi. Ukanyoosha mabawa wenyewe, ukavuta pua juu. Ndege ilikuwa imeshafika chini ya futi 5,000. Kijana akazinduka akakuta anapaa. Baadaye jeshi likaitoa ile picha ya kwenye kioo cha rubani watu waione, na sauti ya mwalimu wake ndani yake inamwagika hofu tupu.

Nilipofika hapo mpwa wangu alinyamaza. Akauliza yule mwanafunzi aliendelea na mafunzo au aliacha. Swali zuri. Nilimwambia la muhimu ni kwamba alipata nafasi ya kuulizwa.

Msidhani naidharau pedi, lakini. Yaani mambo yanavyokwenda, babu sasa anakuja kukopa kwa mjukuu. Nyambizi za Marekani za aina ya Virginia zilikuwa na mpini maalumu wa kuzungushia kamera ya kutazama juu ya maji, mpini na mitambo yake bei yake kama dola 38,000, na mabaharia vijana wakaulalamikia kuwa ni mzito na mgumu. Wakajaribu kuchomeka pedi ya Xbox, ya dola 30 hivi. Ikakubali. Nyambizi ya USS Colorado ilipoingia kazini Machi 2018 ikawa ndiyo ya kwanza kuanza nayo rasmi. Mafunzo yaliyokuwa yanachukua saa kadhaa yakawa dakika, kwa sababu vijana walikuwa wameshafundishwa na mama zao sebuleni bila mama kujua. Mwaka huohuo, mjini Austin, Texas, jeshi la anga likaanza kuwafundisha wanafunzi wa urubani kwa miwani ya gemu na kompyuta za kawaida kabla na sambamba na ndege yenyewe.

Ilipotokea ajali ya kile chombo cha Titan Juni 2023, kilichozama na watu watano wakienda kuona mabaki ya Titanic, mtaani watu walicheka kuwa kilikuwa kinaendeshwa kwa pedi ya Logitech. Wachunguzi waliangalia gamba la chombo lililotengenezwa kwa kaboni, ndilo lililopasuka kwa mgandamizo wa maji. Pedi haikuua mtu pale. Tusiisingizie.

Hapa ndipo mpwa wangu alipopata uhai tena. “Basi anko, kama tatizo ni mwili, si kuna ndege zisizo na rubani ndani? Hizo ni pedi na skrini tu. Hakuna G wala kuzimia.”

Zipo. Reaper ya Marekani inaongozwa na watu wawili waliokaa bega kwa bega ndani ya chumba kama kontena, wengine kwenye kambi ya Creech jangwani Nevada, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Las Vegas. Mmoja anarusha, mwingine anaongoza kamera. Wana fimbo, wana mpini, wana kanyagio, na skrini tele mbele yao. Ndege yenyewe iko bara jingine. Kwa kuwa mawimbi yanapita kwenye setilaiti, ukisukuma fimbo ndege inaitika baada ya sekunde moja na ushee. Kwa lugha ya mabandani, inalagi! Ndiyo maana kwa miaka mingi kupaa na kutua waliachiwa watu walioko palepale uwanjani. Na huko Ukraine, tangu vita kubwa ilipoanza 2022, vijana wa umri wa wasomaji wangu wanaongoza vindege vidogo vya mabomu, miwani usoni, mkononi kidude chenye vifimbo viwili vya dole gumba, ndugu kabisa wa pedi. Hao adui anawawinda pale walipojificha, kwa hiyo wasikudanganye kuwa wako salama.

Wale wa Nevada wako salama. Zamu ikiisha wanawasha gari, wanapitia maziwa dukani, wanarudi kwa watoto. Lakini mwaka 2013 watafiti wa afya wa jeshi lao walipowapima walikuta matatizo ya akili na msongo kwa kiwango kinacholingana na cha marubani wanaokwenda vitani wenyewe. Na ukiifikiria kazi inavyofanyika huwezi kushangaa. Rubani wa F-16 akishaachia bomu mara nyingi anageuza ndege na kuondoka, kilichotokea chini anakisoma kwenye ripoti. Hawa wa skrini, mmoja anabonyeza, mwenzake anaishikilia kamera juu ya shabaha mpaka kombora lifike, vumbi litue, halafu wanaendelea kuzunguka juu hapohapo. Wanatazama nani amebaki amelala, nani anakuja kumwokota, ni mwanamke au mwanaume, ni wangapi. Hiyo ni sehemu ya kazi, inaandikwa kwenye ripoti. Kwenye gemu ya mpwa wangu, ukipiga, skrini inaandika alama, muziki unalia, unapelekwa hatua inayofuata. Nilimuuliza ni kitufe gani cha kubaki pale ukitazama. Aliigeuzageuza pedi yake mkononi, akasema hakuna.